Namna ya Kutunza Peperomia Ndani ya Nyumba

Peperomia ni mmea mdogo wa majani manene ambao hukaa vizuri mezani, kwenye rafu ya vitabu au kando ya dirisha, na aina zake nyingi zinazopandwa ndani ya nyumba hazizidi kimo cha sentimita 30 hata zikikomaa. Jamaa yake wa karibu anayejulikana na kila mpishi ni mpilipili manga, kwa kuwa mimea hii miwili imo katika familia moja. Wataalamu wa mimea wa Kihispania, Hipólito Ruiz na José Pavón, walipoiandika rasmi mwaka 1794 waliipa jina linalotokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya kufanana na pilipili. Leo zinajulikana spishi zaidi ya 1,000, nyingine zenye majani makubwa kama kiganja na nyingine zenye majani madogo kama punje za dengu.

Wengi wanaopoteza peperomia huipoteza kwa maji. Ya kwanza niliyokuwa nayo niliimwagilia kila Jumamosi asubuhi bila kukosa, na mwezi wa tatu majani yalipoanza kulegea nilidhani ina kiu, nikaongeza maji. Siku niliposhika shina ili niliweke wima, mmea wote ulitoka mkononi mwangu. Chini yake hapakuwa na mzizi hata mmoja ulio mzima. Palikuwa na uteute wa kahawia wenye harufu ya maji yaliyovunda. Udongo ulikuwa umelowa chapachapa, na mmea ulikuwa umekufa kwa kiu ndani ya maji, kwa sababu mizizi iliyooza haiwezi kunyonya chochote. Tangu hapo sijawahi kuimwagilia peperomia kwa kufuata kalenda, na karibu kila ushauri utakaousoma hapa chini unatokana na jambo hilo moja: maji hutolewa kwa kulisoma jani.

Ilikotoka na jinsi jani lake lilivyoumbika

Spishi nyingi za peperomia zina asili ya Amerika ya Kati na Amerika ya Kusini, ingawa chache huota pia katika misitu ya Afrika. Nyingi hazioti ardhini. Huota juu ya miti mikubwa, kwenye panda za matawi, juu ya magogo yanayooza na katika nyufa za miamba ya msituni, na zile zinazoota mtini hazimnyonyi mwenyeji wao, bali hujishikiza tu. Huko juu, udongo wote wa mmea mmoja unaweza kuwa konzi moja ya majani yaliyooza na vumbi la magome. Mvua hunyesha mara kwa mara, lakini maji hayatuami. Hupita, huilowesha mizizi, na baada ya muda mfupi hewa imekwisha kuikausha. Kwa sababu hiyo mizizi ya peperomia ni michache, myembamba na mifupi, na kazi yake kubwa ni kushika. Akiba ya maji huwekwa juu, katika majani na mashina.

Akiba hiyo inaonekana kwa macho. Chukua jani moja nene la Peperomia obtusifolia, ambayo ndiyo aina inayopatikana kwa urahisi zaidi, ulikate katikati kwa wembe mkali, kisha ulielekeze kwenye mwanga. Mahali lilipokatwa utaona tabaka tatu. Juu pana tabaka angavu isiyo na rangi, kama kipande chembamba cha barafu; katikati pana mstari mwembamba wa kijani kilichokolea; na chini pana kijani hafifu. Ile tabaka angavu ndiyo tangi la mmea. Maji yakipungua, tabaka hiyo hunywea polepole na kuigawia ile ya kijani, ambayo ndiyo inayotengeneza chakula cha mmea kwa kutumia mwanga, na jani zima huwa jembamba na laini siku kadhaa kabla halijapata madhara yoyote. Mmea unakuonyesha kipimo cha tangi lake, nawe huhitaji kifaa cha kununua ili kukisoma.

Si aina zote zenye tangi kubwa. Peperomia obtusifolia ina majani magumu yanayong'aa na huvumilia kusahauliwa. Peperomia argyreia, yenye michirizi ya rangi ya fedha inayoyafanya majani yake yafanane na ganda la tikiti maji, na yenye vikonyo vyekundu, ina majani membamba zaidi na huonyesha kiu mapema. Peperomia caperata kutoka Brazili ina majani yaliyokunjamana kama kitambaa kisichopigwa pasi, na mashina yake mafupi yamesongamana katikati, kwa hiyo ndiyo inayooza kwa wepesi zaidi kati ya zile ninazozijua. Peperomia ferreyrae ya Peru ina majani membamba marefu yanayofanana na maganda ya maharage mabichi, na inataka kutunzwa karibu kama mmea wa jangwani. Ijue uliyonayo kabla hujaanza, kwa kuwa kinachofaa kwa moja kinaweza kuiua nyingine.

Kumwagilia

Kipimo ni hiki. Chagua jani lililokomaa lililo katikati ya mmea, wala lisiwe changa la juu wala kuukuu la chini. Lishike kingo zake mbili kwa kidole gumba na kidole cha shahada, kisha ulikunje taratibu kana kwamba unataka kingo hizo zikutane. Jani lililoshiba maji hukataa. Utahisi ugumu, na ukilazimisha litavunjika kwa mlio mdogo. Jani lenye kiu hukubali kujikunja kama ngozi laini ya kiatu cha zamani, na ukiliachia hurudi bila haraka. Likikataa, ondoka bila kumwagilia hata kama uso wa udongo umekauka na kupauka. Likikubali, gusa udongo.

Kugusa udongo kuna sababu kubwa, kwa maana jani huwa laini kwa sababu mbili zinazopingana. Jani laini na udongo mkavu maana yake ni kiu. Jani laini na udongo uliolowa maana yake ni kwamba mizizi imeshindwa kufanya kazi, na hapo maji zaidi ni sumu. Chomeka kijiti kikavu cha mti hadi chini ya chungu, ukiache kwa dakika tano, kisha ukichomoe. Kikitoka kikavu na safi, mwagilia. Kikitoka na rangi ya unyevu na chembe za udongo zilizogandamana nacho kuanzia katikati kwenda chini, subiri. Kwa aina zenye majani membamba, kama ile ya majani yanayofanana na tikiti maji, mimi humwagilia pale nusu ya juu ya udongo inapokuwa imekauka. Kwa zile zenye majani manene husubiri hadi karibu udongo wote ukauke.

Unapomwagilia, mwagilia kikamilifu. Mimina maji polepole kuzunguka ukingo wa chungu hadi yatoke kwenye matundu ya chini, acha kwa nusu saa, kisha yamwage yaliyobaki katika sahani ya kukingia. Vijiko viwili vya maji kila siku huharibu zaidi kuliko maji mengi kwa siku moja, kwa sababu hulowesha juu tu, huziacha chumvi za mbolea zikijikusanya, na haviupi udongo nafasi ya kukauka na kuvuta hewa mpya. Maji yawe ya joto la kawaida la chumba. Kwa Peperomia caperata na nyingine zilizosongamana katikati, usimimine maji juu ya majani, kwa kuwa hutuama kwenye shina na kuoza huanzia hapo; unaweza kukiweka chungu ndani ya bakuli lenye maji ya kimo cha sentimita tatu kwa dakika 20, mmea ukanywa kutokea chini, kisha ukakitoa kichuruzike.

Ukiniuliza ni baada ya siku ngapi, sitakupa jibu moja. Mmea uleule, katika chungu kilekile, unaweza kunywa kila baada ya siku saba wakati wa joto na mwanga mwingi, na kukaa siku 20 wakati wa baridi au mawingu mazito. Tofauti hiyo ndiyo inayofanya kalenda iwe mwongozo mbaya.

Mwanga

Peperomia imezoea mwanga uliochujwa na majani ya miti mirefu. Ndani ya nyumba, mahali panapoifaa ni karibu na dirisha lenye mwanga wa kutosha ambapo jua kali haliugusi mmea moja kwa moja. Dirisha la mashariki ni zuri sana, kwa kuwa jua la asubuhi ni pole. Dirisha la magharibi hupokea jua la alasiri linalounguza, kwa hiyo weka pazia jepesi au usogeze mmea mita moja ndani.

Njia rahisi ya kupima ni kivuli. Wakati wa adhuhuri weka karatasi nyeupe mahali unapokusudia kuuweka mmea, kisha nyosha mkono wako sentimita 30 hivi juu yake. Kivuli chenye kingo kali, unachoweza kuhesabu vidole vyake waziwazi, kinaonyesha mwanga mkali mno kwa aina nyingi. Kivuli kinachotambulika kuwa ni cha mkono lakini chenye kingo laini ndicho unachokitafuta. Kama karatasi haionyeshi kivuli, mmea hautakufa upesi, bali utarefuka, nafasi kati ya jani na jani itapanuka, majani mapya yatakuwa madogo, na umbo lake fupi lililojaa litapotea. Tena, mmea ulio gizani hunywa maji machache, kwa hiyo udongo wake hukaa na unyevu muda mrefu na kuoza kwa mizizi huwa karibu.

Aina zenye mabaka meupe au ya manjano zinahitaji mwanga zaidi kuliko zenye majani ya kijani kitupu, kwa kuwa sehemu nyeupe ya jani haina kijani cha kutengenezea chakula. Zikikosa mwanga, baadhi huanza kutoa matawi ya kijani kitupu. Tawi kama hilo likate mapema, maana lina nguvu zaidi na litaumeza mmea wote. Zungusha chungu robo duara kila wiki ili mmea usiinamie upande mmoja.

Udongo na chungu

Udongo wa shambani, hata uwe na rutuba kiasi gani, haufai peke yake. Ndani ya chungu hushikamana, hukaa na maji na kuifukuza hewa. Mchanganyiko ninaoutumia ni sehemu mbili za unga wa makumbi ya nazi au udongo mwepesi wa kupandia, sehemu moja ya perlaiti (chembe nyeupe nyepesi za kulegeza udongo) au mawe mepesi ya volkeno yaliyovunjwa vipande vya ukubwa wa punje za mahindi, na sehemu moja ya vipande vidogo vya magome ya mti. Ukiuminya mkononi ukiwa na unyevu, unapaswa kushikana kidogo kisha ubomoke unapouachia. Ukibaki bonge, ongeza mawe.

Chungu kiwe na matundu chini. Katika hili sioni nafasi ya mapatano. Kiwe pia kidogo, kipana kuliko fundo la mizizi kwa sentimita mbili au tatu tu, kwa sababu udongo usiofikiwa na mizizi hubaki na maji yasiyo na mnywaji. Chungu cha udongo uliochomwa hupumua kupitia kuta zake na hukauka haraka, na ndicho ninachompendekezea anayependa kumwagilia. Cha plastiki kinamfaa anayesahau.

Jambo moja linalorudiwa sana na lisilo na ukweli ni kwamba tabaka la kokoto chini ya chungu husaidia maji kutoka. Maji hayashuki kirahisi kutoka kwenye udongo wenye vitundu vidogo kwenda kwenye kokoto zenye nafasi kubwa. Hubaki yakining'inia katika udongo wa chini mpaka sehemu hiyo ijae kabisa ndipo yadondoke. Kokoto hupandisha tu sehemu iliyolowa na kuisogeza karibu na mizizi. Weka kipande cha wavu juu ya tundu ili udongo usitoke, ujaze mchanganyiko wako hadi juu, basi.

Kuhamishia katika chungu kipya kunatosha kila baada ya miaka miwili au mitatu. Ukiona mizizi inachungulia kwenye matundu, hamisha wakati mmea unakua kwa nguvu. Panda kwa kina kilekile ulichoukuta nacho. Shina likifukiwa zaidi huoza.

Joto, unyevu wa hewa na mbolea

Joto la kati ya nyuzi 18 na 26 za selsiasi linaifaa, nayo huanza kuteseka likishuka chini ya nyuzi 12 hivi. Usiiweke mbele ya kiyoyozi wala karibu na kipasha joto, kwa kuwa upepo mkavu hukausha kingo za majani.

Kuhusu unyevu wa hewa, aina zenye majani manene hazina madai makubwa. Zile za majani membamba na zile zinazotambaa hupenda hewa yenye unyevu wa asilimia 50 au zaidi. Wengi hunyunyizia majani maji kwa bomba la dawa. Athari yake hudumu dakika chache tu, na maji yanayobaki kwenye mikunjo huleta madoa ya ukungu, kwa hiyo mimi nimeacha. Kuipanga mimea kadhaa pamoja husaidia zaidi. Aina ndogo zinazotambaa hustawi pia ndani ya chombo cha kioo chenye kifuniko, ambamo mvuke hugeuka matone na kurudi kwenye udongo. Daktari Nathaniel Bagshaw Ward wa London aliugundua mzunguko huo mwaka 1829, alipoona mmea wa kangaga umeota wenyewe ndani ya chupa aliyokuwa ameiziba.

Mbolea ni jambo dogo hapa. Mbolea ya maji yenye nitrojeni, fosforasi na potasiamu kwa viwango vinavyokaribiana, iliyozimuliwa hadi nusu ya kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, mara moja kwa mwezi wakati mmea unatoa majani mapya, inatosha. Mmea ukipumzika, acha. Ukiona ukoko mweupe juu ya udongo, hizo ni chumvi zilizojikusanya. Pitisha maji mengi safi mara moja hadi yatoke chini kwa wingi, na mwezi huo usitie mbolea.

Mmea unapoonyesha tatizo

Jani moja la chini likigeuka manjano na kuanguka kila baada ya muda, huo ni uzee. Majani mengi yakianguka kwa pamoja, tena yakiwa bado ya kijani, chunguza mizizi siku hiyohiyo.

Upande wa chini wa jani unaweza kutoa vipele vigumu vya kahawia, kama vumbi la kizibo lililogandamana. Watu hudhani ni wadudu, wakaanza kunyunyizia dawa. Mara nyingi hutokea pale mizizi inapovuta maji haraka kuliko jani linavyoweza kuyatoa, hasa katika siku za mawingu na hewa nzito, chembehai za jani zikapasuka na kovu likakauka. Vipele hivyo haviambukizi, na vilivyokwisha kutokea havifutiki. Punguza maji, ongeza mwanga, na majani yanayofuata yatatoka safi.

Wadudu wa kweli ni wachache. Vidung'ata, wanaofanana na vipande vya pamba, hujificha pale kikonyo kinapokutana na shina. Wapanguse kwa pamba iliyochovywa kwenye spiriti ya asilimia 70, baada ya kuijaribu kwenye jani moja kwanza na kusubiri siku moja, kisha rudia kila wiki kwa mwezi mzima kwa sababu mayai hubaki. Utitiri huacha vitone vya rangi iliyofifia na utando mwembamba; osha majani kwa maji yanayotiririka, hasa upande wa chini. Inzi wadogo weusi wanaoruka unapogusa chungu hutaga katika udongo uliolowa, na udongo ukikaushwa vizuri huisha wenyewe. Ukiona majani yametoa pete za kahawia, moja ndani ya nyingine, na majani mapya yanatoka yamepindika, huenda hiyo ni virusi. Haina dawa. Utupe mmea huo, usichukue kipandikizi chake, na usafishe mkasi uliotumia.

Kuokoa mmea uliooza mizizi

Ukigundua mapema, mmea huokolewa. Utoe wote kwenye chungu na uutikise udongo hadi mizizi ionekane. Mzizi mzima ni mweupe au wa rangi ya maziwa yaliyochanganywa na chai, na ukiuvuta hustahimili. Mzizi uliooza ni wa kahawia iliyokolea au mweusi. Ukiuvuta kwa vidole viwili, ngozi yake huvuka kama soksi na kuacha uzi mwembamba. Kata yote ya namna hiyo kwa mkasi uliopanguswa kwa spiriti, usiionee huruma, maana kipande kidogo kilichobaki huendelea kuoza. Kagua pia sehemu ya chini ya shina. Likiwa jeusi na laini, kata kwenda juu, sentimita moja kwa wakati, mpaka uone nyama ya kijani au nyeupe isiyo na doa lolote.

Kama mizizi michache imebaki, punguza theluthi moja ya majani ili mahitaji ya maji yapungue, acha mmea ukauke kivulini kwa saa tatu au nne, kisha upande katika mchanganyiko mpya, katika chungu kidogo kinachotosha mizizi iliyobaki. Udongo wa zamani utupe. Mwagilia kidogo tu mara ya kwanza, na usitie mbolea mpaka jani jipya litoke. Kama hakuna mzizi uliobaki, usikate tamaa, kwa kuwa ulichobaki nacho mkononi ni vipandikizi.

Kuzalisha mimea mipya

Kwa aina zenye shina refu, kama Peperomia obtusifolia, kata ncha ya tawi yenye majani matatu au manne, chini kidogo ya kifundo, yaani mahali jani linapoota kwenye shina. Ondoa jani la chini, acha jeraha likauke kwa saa chache, kisha chomeka kifundo hicho katika mchanganyiko mwepesi wenye unyevu kidogo. Mizizi hutoka kwa kawaida katika wiki tatu hadi sita. Wengine hutumia glasi ya maji, na njia hiyo hufanya kazi pia, ila mizizi iliyozoea maji huchelewa kuzoea udongo, kwa hiyo hamisha mara inapofikia urefu wa sentimita mbili.

Kwa aina zisizo na shina linaloonekana, jani moja linatosha. Kata jani zima pamoja na kikonyo chake, ufupishe kikonyo hadi sentimita mbili, na uchomeke kwa mshazari hadi ubapa wa jani ukaribie udongo. Kwa ile ya majani ya tikiti maji kuna njia nzuri zaidi. Lilaze jani juu ya ubao safi, likate kwa upana katika nusu mbili kwa wembe, kisha zisimamishe nusu hizo katika udongo, upande uliokatwa ukiwa chini na umezama sentimita moja. Kila mahali mshipa mkuu ulipokatwa panaweza kutokea mche wake, na jani moja likakupa miche kadhaa. Funika kwa mfuko wa plastiki unaopitisha mwanga, weka mahali penye mwanga usio wa jua, na ufunue kila baada ya siku chache ili hewa ibadilike. Matone ya mvuke yakiwa mazito hadi huwezi kuona ndani, acha wazi kwa saa moja.

Aina zenye mabaka meupe zizalishe kwa kipande cha shina pekee. Mabaka hayo hutokana na tabaka za chembehai zenye asili tofauti zinazokua pamoja kwenye ncha ya tawi, na mche unaozaliwa na jani kwa kawaida hutoka katika tabaka moja tu, kwa hiyo utapata mmea wa kijani kitupu.

Mizizi ikishatokea kwenye jani, bado utasubiri. Kwa wiki kadhaa hutaona kitu juu ya udongo, na wengi huling'oa jani wakati huo wakidhani limekufa. Maadamu ni gumu na la kijani, liache. Mwisho wake utaona vijani vilivyojikunja, vidogo kama kichwa cha kiberiti, vikichomoza kando ya jani mama. Vikifikisha majani matatu au manne ya ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, vitenganishe kwa kijiti pamoja na mizizi yake na upande kila kimoja katika chungu cha upana wa sentimita sita. Miche hii haina akiba bado. Majani yake ni membamba, na kipimo cha kukunja jani hakiwezi kukusaidia. Kwa miezi miwili ya kwanza usiache udongo wake ukauke kabisa, ila usiuloweshe hadi uchuruzike kila siku, na uanze kulikunja jani siku utakapolishika ukahisi limekuwa nene.